Kumuuguza mwenye saratani ya ubongo: dawa, kifafa na daftari

Saratani ya ubongo humshika mgonjwa mahali pale pale anapotumia kutambua kwamba ana tatizo. Mwenye uvimbe upande wa kulia wa ubongo anaweza kumwambia daktari, tena kwa nia njema kabisa, kwamba mkono wake wa kushoto hauna shida yoyote, kumbe umening'inia pembeni tangu asubuhi na hajaugusa. Kwa hiyo anayemuuguza ana kazi moja inayozidi hata kufariji: kuona leo kuna nini ambacho jana hakikuwapo, kukiandika, na kukifikisha kunakohusika.

Maelezo haya yanamhusu zaidi mtu mzima mwenye glioblastoma, kwa kuwa ndiyo saratani inayoonekana zaidi kati ya zile zinazoanzia ubongoni kwa watu wazima. Saratani iliyosambaa hadi ubongoni kutoka kwenye mapafu, titi au ngozi ina mpangilio wake wa matibabu, ila yanayohusu steroidi (dawa ya kupunguza maji yanayouzunguka uvimbe), kifafa na usalama nyumbani hayatofautiani sana. Dozi zinatajwa ili uielewe karatasi uliyopewa hospitalini. Zikipishana, fuata karatasi.

Kalenda kwanza

Kwa kawaida mambo huanza na upasuaji, wa kutoa uvimbe kadiri inavyowezekana au wa kuchukua kipande tu cha kupima. Uvimbe ukitolewa, picha ya ubongo ya kulinganishia (MRI) hupigwa ndani ya saa 72, kabla mabadiliko ya kupona hayajaivuruga picha. Nyuzi au pini za jeraha hutolewa kati ya siku ya 7 na ya 14. Mpaka hapo litazame jeraha kila siku. Ukiona majimaji maangavu yakivuja, au jeraha limevimba na lina moto, piga simu siku hiyo hiyo. Majimaji hayo yanaweza kuwa maji ya ubongo, na tundu linaloyatoa nje ndilo hilo hilo linaloingiza vijidudu ndani.

Wiki chache baadaye huanza mionzi pamoja na kemo. Mpangilio uliozoeleka tangu mwaka 2005 ni huu: mionzi mara 30, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 6, jumla ya Grei 60 (Grei ni kipimo cha mionzi), na kapsuli za temozolomidi, ndiyo kemo yenyewe, kila siku kwa muda wote huo. Kisha mapumziko ya wiki 4 hivi. Kisha kapsuli peke yake kwa siku 5 katika kila siku 28, kwa kawaida mizunguko 6. Mzee au mtu aliyedhoofika anaweza kupewa mionzi mara 15 tu kwa wiki 3.

Chukua kalenda kubwa ya ukutani, tia alama siku za mionzi kwa rangi moja na siku za kapsuli kwa rangi nyingine. Sababu ni ndogo lakini huwaponza wengi: kapsuli za awamu ya kwanza hunywewa hata Jumamosi na Jumapili, siku ambazo hakuna kwenda hospitali. Familia iliyozoea kuzihusisha kapsuli na safari ya hospitali huziruka siku hizo mbili bila kujua.

Hesabu miligramu, usihesabu kapsuli

Dozi ya temozolomidi hutokana na eneo la mwili, linalokokotolewa kwa urefu na uzito. Wakati wa mionzi ni miligramu 75 kwa kila mita mraba. Mtu wa mita mraba 1.8 atahitaji 135, na anaweza kupewa kapsuli moja ya 100, moja ya 20 na tatu za 5. Kapsuli tano. Baada ya mapumziko, mzunguko wa kwanza ni 150 kwa mita mraba, kwa hiyo mtu yule yule anahitaji 270: kapsuli moja ya 250 na moja ya 20. Kapsuli mbili tu, na dawa ni maradufu ya ile ya awali. Aliyekuwa anahesabu kapsuli ataona amepunjwa, na ndipo mtu hushawishika kuongezea zile zilizobaki kwenye droo. Zilizobaki zirudishwe duka la dawa la hospitali siku awamu inapoisha.

Katika mizunguko ya siku 5, jioni ya kapsuli inaweza kwenda hivi. Chakula kinaisha saa 1 usiku. Saa 3 anakunywa dawa ya kuzuia kichefuchefu, mara nyingi ondansetroni. Saa 3 na nusu, tumbo likiwa tupu, mmoja anaisoma karatasi kwa sauti na mwingine anazipanga kapsuli kwenye kifuniko safi akitaja namba iliyoandikwa juu ya kila moja, mpaka jumla ilingane. Mgonjwa anazimeza nzima kwa glasi iliyojaa maji, moja baada ya nyingine, kisha anapanda kitandani. Asile kwa saa moja au zaidi. Akilala mapema, kichefuchefu kingi humpitia usingizini.

Kapsuli haifunguliwi, haitafunwi, haichanganywi na uji. Unaposaidia kuzishika vaa glavu. Mjamzito asizishike kabisa. Moja ikipasuka, usiuvute unga wake puani, na pangusa kwa kitambaa chenye maji unachokitupa mara moja. Akitapika baada ya kumeza, usimrudishie dozi siku hiyo, hata kama umeiona kapsuli kwenye matapishi. Subiri ya kesho na uandike kilichotokea.

Ondansetroni hufunga choo, na kujikamua chooni huongeza shinikizo kichwani. Omba dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile, usingoje siku ya nne ambapo tumbo limeshakuwa gumu kama ubao.

Wapo wanaopewa lomustini baadaye. Hiyo ni dozi ya siku moja tu, kisha hakuna mpaka wiki 6 zipite. Kuinywa kila siku kama dawa nyingine kunaweza kuua, kwa hiyo isikae kabisa kwenye kisanduku cha dawa za kila siku.

Kemo hushusha chembe za damu. Wakati wa mionzi damu hupimwa kila wiki. Kwenye mizunguko, karibu na siku ya 22 na tena kabla ya kuanza mzunguko mwingine. Namba mbili za kuulizia ni nyutrofili, yaani askari wa kupambana na vijidudu, ambazo kwa kawaida hutakiwa zifike 1,500 kwa mikrolita, na chembe sahani za kugandisha damu, zinazotakiwa zifike 100,000. Zikiwa chini, mzunguko huahirishwa. Watu huhuzunika sana kuahirishiwa, kama vile wamefeli mtihani, wakati ni jambo la kawaida katika kazi hii. Huenda pia akapewa kotrimoksazoli ya kumkinga na nimonia ya aina fulani; asiiache kwa kuona "mbona hana kikohozi."

Joto likifika nyuzi 38, hata saa 8 za usiku, piga namba ya dharura ya kitengo cha saratani au mpeleke hospitali. Pima kabla ya kumpa parasetamoli, maana parasetamoli hushusha joto na kuficha habari. Steroidi nazo huzima homa, hivyo akitetemeka kwa baridi au akachanganyikiwa ghafla, nenda hata kama kipimajoto kinasema 37.2.

Chumba cha mionzi

Kabla ya siku ya kwanza hutengenezwa barakoa ya plastiki inayolainishwa kwa joto na kufinyangwa juu ya uso, ili kichwa kisisogee. Humbana, haimuumizi. Anayeogopa kufungiwa aseme mapema. Anaweza kupewa dawa ya kumtuliza au kuwekewa muziki. Nywele zikatwe kabla ya barakoa, wala si baada yake, maana ikishatengenezwa hata nywele nyingi zilizonyolewa huifanya ilegee. Kinyume chake hutokea baadaye: steroidi huujaza uso, na barakoa iliyokuwa sawa wiki ya kwanza inaanza kubana wiki ya nne. Waambie mafundi wa mionzi. Isivumiliwe kimya kimya.

Nywele hukatika kuanzia wiki ya 2 au ya 3, pale tu miale inapopita. Osha kichwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, usitumie wembe, mvishe kofia juani, na mafuta yoyote uliza kwanza. Uchovu ndio huwashangaza watu. Hupanda polepole na mara nyingi hufika kileleni wiki moja au mbili baada ya mionzi kuisha, wakati ndugu wote wanasema sasa amemaliza, atachangamka. Wengine hupata tena kipindi cha kusinzia sana mwezi hivi baadaye. Usipange sherehe yoyote kwa wiki hizo.

Deksamethasoni, rafiki mwenye madeni

Hii ni steroidi inayopunguza maji yaliyojaa kuuzunguka uvimbe. Uvimbe wenyewe haiugusi. Ndani ya siku moja au mbili kichwa kinaacha kuuma, mguu unarudi, maneno yanatoka. Familia huipenda kwa sababu hiyo, kisha huichukia mwezi wa pili.

Inywewe na chakula. Ikigawanywa mara mbili, ya kwanza iwe saa 2 asubuhi na ya pili saa 7 au 8 mchana. Ukimpa ya pili saa 2 usiku umejitafutia mkesha: atakaa macho akipanga makabati na kutaka kula saa 9 za usiku. Katika nyumba nyingi kubadilisha saa hiyo moja tu kunarudisha usingizi kwa watu wawili.

Haiachwi ghafla. Ikitumika kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza steroidi ya mwili, na mtu akikatiziwa anaweza kuzimia, presha ikashuka, akafa. Kwa hiyo hupunguzwa ngazi kwa ngazi. Andika kila ngazi kwenye kalenda kwa tarehe yake, mfano miligramu 4, kisha 3, kisha 2, na kando yake hali ya kichwa na mguu siku hiyo. Maumivu yakirudi baada ya kushuka ngazi, piga simu uulize, usipandishe mwenyewe. Na akitapika kiasi kwamba vidonge havikai tumboni, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, maana ataihitaji kwa sindano.

Madeni yake ni mengi. Kiu na kukojoa mara kwa mara: sukari imepanda, ipimwe. Utando mweupe mdomoni: fangasi, una dawa. Choo cheusi kama lami: tumbo linavuja damu, ni dharura, na ndiyo sababu asipewe aspirini wala ibuprofeni bila kuuliza. Hasira, machozi, kuongea bila kituo: mara nyingi ni dawa.

Deni linalosomwa vibaya zaidi ni la mapaja. Baada ya wiki kadhaa misuli ya nyonga na mapaja hulegea, mtu akashindwa kunyanyuka kitini, na kila mmoja akahitimisha kwamba uvimbe umekua. Mwambie akunje mikono kifuani, ainuke kwenye kiti bila kujisukuma. Akishindwa kwa miguu yote miwili sawasawa, yaelekea ni steroidi. Mguu mmoja ukiwa dhaifu kuliko mwenzake, fikiria ubongo. Yote mawili yaripotiwe. Tofauti ni kwamba la pili halingoji miadi.

Akianguka kifafa

Dawa ya kuzuia kifafa, mara nyingi levetirasetamu, hutolewa kwa umbali wa saa 12, saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Tia kengele kwenye simu. Mashambulio mengi ya nyumbani hutanguliwa na dozi iliyorukwa, kukosa usingizi au homa.

Shambulio si lazima liwe la kuanguka na kutoka povu. Linaweza kuwa kidole gumba kinachorukaruka kwa dakika mbili, pembe ya mdomo inayovutwa, au kuongea kunakokatika katikati ya sentensi huku macho yako wazi. Andika saa, upande, na kilichoanza kwanza. Likiwa la mwili mzima:

1. Tazama saa kabla ya kufanya lolote. Dakika moja ya kifafa huonekana kama kumi, na hospitali watataka muda halisi.
2. Mshushe sakafuni ukiweza, ondoa meza na vitu vigumu, toa miwani, weka nguo iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza shingoni.
3. Usimkandamize. Usimtie kijiko, kidole wala kitambaa mdomoni. Ulimi haumezwi, kinachotokea ni meno kuvunjika na kuingia njia ya hewa.
4. Mara tu inapowezekana mgeuze alale ubavu, mdomo uelekee chini ili mate yatoke.
5. Zikifika dakika 5, mpe dawa ya dharura kama mliachiwa (midazolamu ya shavuni au diazepamu ya njia ya haja kubwa) na uite gari la wagonjwa. Ita pia kama shambulio la pili limefuata kabla hajazinduka, kama ameumia, anapumua kwa shida, au ndiyo mara yake ya kwanza.
6. Likiisha, kaa naye. Usimpe maji wala kidonge mpaka aweze kukujibu vizuri.

Baada yake upande mmoja unaweza kupooza kwa dakika au saa kadhaa kisha ukarudi. Inatisha, lakini ni uchovu wa ubongo baada ya shambulio. Usiporudi, au likiwa jambo jipya, aonwe siku hiyo.

Gari haendeshi tena mpaka daktari aseme. Kuoga ni kwa kuketi kwenye kiti, beseni la kujizamisha lisitumike, na mlango usifungwe kwa komeo. Jikoni asibaki peke yake na moto.

Mtu aliyebadilika

Uvimbe ukiwa sehemu ya mbele ya ubongo, mtu hukaa kitandani mpaka mchana bila huzuni yoyote, huambiwa avae akasema "sawa," na asivae. Wengi humwita mvivu. Kinachokosekana ni ule msukumo wa kuanza. Kumhimiza kwa maneno hakusaidii, kumwanzisha kunasaidia. Mshikishe shati, ingiza mkono wa kwanza, mkono wa pili ataumalizia mwenyewe. Kazi ivunjwe vipande: "Mama, simama." Ngoja. "Shika fremu ya kutembelea." Ngoja. Ukimpa maagizo matatu kwa pumzi moja utapata sifuri.

Akiwa na uvimbe upande wa kushoto wa ubongo, aghalabu maneno ndiyo yanayopotea. Zima redio na televisheni, kaa mbele ya uso wake, uliza maswali ya ndiyo au hapana, kisha hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kurudia. Asipojibu rudia maneno yale yale. Ukibadilisha sentensi anaanza upya kuitafsiri kichwani. Usimmalizie neno isipokuwa ameomba. Na usimsemeshe kitoto: anaelewa zaidi ya anavyoweza kutoa. Hakikisha tu kwamba "ndiyo" yake ni ndiyo kweli, kwa kumuuliza kitu unachokijua, mfano "Wewe ni Musa?" wakati si Musa.

Upande wa kulia wa ubongo ukidhurika, upande wa kushoto wa dunia unaweza kupotea. Tazama sahani: amekula nusu ya kulia kwa usafi kabisa, nusu ya kushoto haijaguswa, na anasema bado ana njaa. Izungushe sahani atamaliza. Dawa na maji viweke kulia kwake, na mkiwa mnapita mlangoni tangulia upande wake wa kushoto, maana bega hilo ndilo litakalogonga fremu ya mlango.

Hasira ina vyanzo vitatu ambavyo havifanani dawa. Uvimbe ni kimoja, deksamethasoni ni cha pili, na levetirasetamu ni cha tatu, tena hicho husahauliwa sana. Kama ukali ulianza siku chache baada ya dawa mpya au dozi kupanda, mpelekee daktari tarehe hizo. Kuna dawa nyingine za kifafa. Wakati anafoka usibishane naye kuhusu ukweli. Punguza sauti, punguza watu chumbani, toka dakika tano kama yuko salama, rudi na jambo jingine.

Mwili na nyumba

Mazulia yanayoteleza yaondoke, taa ya usiku iwake njia ya chooni, kitanda kiwe cha urefu ambao miguu yake inagusa sakafu akiketi. Unapomhamisha kutoka kitandani kwenda kitini, kiti kikae upande wake wenye nguvu, breki zimefungwa, viatu visivyoteleza miguuni. Wewe simama upande dhaifu, mshike kwa mkanda kiunoni, mhesabu pamoja mpaka tatu. Mkono uliopooza usiuvute kamwe, bega hutoka mahali pake. Kwenye ngazi, kupanda mguu mzima ndio unaotangulia, kushuka mguu dhaifu. Wewe kaa nyuma yake akipanda na mbele yake akishuka.

Akianza kukohoa akinywa, au sauti yake ikawa na majimaji baada ya kumeza, mketishe wima, kidevu kielekee chini kidogo, tonge dogo, na abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Omba mtaalamu wa kumeza amwone. Maji matupu ndiyo magumu kuliko yote, jambo ambalo watu hulifikiria kinyume. Asiyejigeuza kitandani ageuzwe kila saa 2, na ngozi ya visigino na makalio itazamwe.

Pima miguu kwa macho kila asubuhi. Wenye uvimbe huu hugandisha damu kwa urahisi: shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, usilikande, nenda hospitali. Kukosa pumzi ghafla au kifua kuchoma ni dharura ya dakika hiyo. Vivyo hivyo kuumwa kichwa kunakozidi kila alfajiri pamoja na kutapika, na usingizi usioamshika.

Daftari, na namna ya kuongea na daktari

Daftari moja, ukurasa mmoja kwa siku. Juu dawa zilizotolewa na saa. Chini mistari mitatu tu: kutembea, kuongea, tabia. Usiandike "hali si nzuri." Andika "jana alifunga vifungo vyote vitano, leo viwili vimemshinda, mkono wa kulia." Hiyo ndiyo lugha daktari anayoweza kuifanyia kazi. Sekunde 30 za video akitembea, zikipigwa kila Jumapili mahali pale pale, zina thamani kuliko kumbukumbu za watu wanne.

Nendeni wawili kwa daktari, mmoja asikilize na mwingine aandike. Yako mambo usiyoweza kuyasema mbele ya mgonjwa bila kumvunjia heshima, kama kuropoka mbele za watu au kujikojolea. Yaandike kwenye kikaratasi, mpe nesi kabla ya kuingia. Dawa za mitishamba na virutubisho vitajwe vyote. Baadhi hugongana na dawa za kifafa au hudhuru ini ambalo tayari lina kazi. Swali ambalo lisikose kila ziara: "Tukiona nini nyumbani tusingoje miadi, na tupige namba gani usiku?"

MRI ya kwanza baada ya mionzi hupigwa wiki chache baadaye, halafu kila miezi 2 au 3. Jiandaeni kwa jambo moja. Katika miezi 3 ya kwanza picha inaweza kuonekana mbaya zaidi kwa sababu tu tishu zilizopigwa mionzi zimevimba, bila uvimbe kukua. Ndiyo maana daktari anaweza kutazama picha mbaya na kusema tuendelee, turudie baada ya wiki 6 au 8. Si kwamba amekuficheni kitu. Mwulize waziwazi kama anashuku hilo, na mpe daftari, kwa kuwa jinsi mgonjwa anavyotembea ni sehemu ya jibu.

Yafanyike mapema

Maamuzi ya kisheria na ya fedha yasingoje. Nani atamsemea akishindwa, nani ataingia benki, anataka nini kuhusu kulazwa na mashine za kupumulia: haya yaulizwe mwezi wa kwanza, mtu akiwa bado anaweza kujibu na kutia sahihi. Tiba shufaa nayo iombwe mapema. Hao ni wataalamu wa maumivu, kichefuchefu, usingizi na mazungumzo magumu, na wanafanya kazi sambamba na kemo na mionzi.

Zamu ziandikwe. Mlezi anayepata usingizi wa saa 4 tu kila usiku kwa wiki nzima ataikosea dozi, hilo si la kujadiliwa. Anayekuja kupokea zamu asome kwanza kurasa tatu za mwisho za daftari, kisha ndipo asalimie na kuuliza.

Na kabla mgonjwa hajashindwa kumeza, uliza kila dawa ya kifafa na steroidi itatolewaje siku hiyo ikifika: ya maji, ya shavuni, ya sindano chini ya ngozi, au ya njia ya haja kubwa. Ombeni ziandikwe na zichukuliwe mapema, pamoja na midazolamu ya dharura. Ziwekwe kwenye droo moja inayofungwa, karatasi ya maelekezo ikiwa imebandikwa ndani yake, na kila mwenye zamu aonyeshwe ufunguo ulipo.